Kabla ya mstari wa 11 kuna wa 5: ahadi za Mungu na tabia ya anayezingoja

Usiku wa mkesha, tarehe 31 Desemba 2024, katika kanisa moja la hapa Goma, mama mmoja aliitwa mbele ya watu, akawekewa mkono kichwani, akaambiwa: kabla mwaka 2025 haujaisha, utaingia katika nyumba yako mwenyewe. Alikuwa amekimbia kutoka upande wa Rutshuru, amepanga chumba kimoja Ndosho na watoto wanne, na riziki yake ilikuwa kuuza mkaa Kituku, pale mitumbwi inaposhusha mizigo. Watu walipiga vigelegele. Akasomewa Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho."

Hazikupita wiki nne, vita vikaingia mjini. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwenye fedha na asiye nazo wakajikuta wanapiga foleni moja ya maji.

Jumapili ya mwisho ya mwaka huo mama yule alinifuata baada ya ibada, Biblia yake ameifunga kwenye kitenge. Ule mstari alikuwa ameupigia kistari kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika tarehe ya ule mkesha. "Mwalimu," akaniambia, "hii neno nilipewa mbele ya watu wote. Sasa mwaka inaisha. Kosa ni ya Mungu ao ni yangu?"

Sikumjibu vizuri siku ile. Nilimwambia aendelee kuamini, na hilo halikumsaidia kitu, kwa sababu kuamini ndiko alikokuwa akifanya tangu Januari. Nimekaa na swali lake miezi kadhaa. Limenionyesha kwamba tunapofundisha juu ya ahadi za Mungu tunafunga pamoja mambo matatu bila kuyatenganisha: ahadi yenyewe, wakati wake, na hali ya moyo wa mtu aliyeahidiwa. Yakichanganyika, mtu hubaki na njia mbili tu: amlaumu Mungu, au ajilaumu mwenyewe.

Tuanze na waraka wenyewe. Yeremia 29 ni barua, na iliandikwa kwa watu waliohamishwa kwa nguvu. Mwaka 597 kabla ya Kristo, Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia kutoka Yerusalemu pamoja na wakuu, mafundi na wahunzi, akawapeleka Babeli. Ni wakimbizi, basi. Watu waliofunga godoro na sufuria haraka haraka, wakauacha mlango nyuma yao. Huku Kivu hatuhitaji kamusi kuelewa hilo.

Sura ya 28, iliyo kabla ya waraka huo, inamleta nabii mwingine, Hanania. Huyu alisimama hekaluni mbele ya makuhani na watu wote akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili Bwana ataivunja nira ya Babeli na kila mtu atarudi kwao. Akaichukua ile nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia, akaivunja hadharani. Naamini watu walishangilia. Ni neno zuri, lina tarehe, lina kitendo cha kuonekana. Yeremia mwenyewe alijibu kwanza, "Amina, Bwana na atende hivi." Jibu hilo hunigusa kila nikilisoma. Yeremia hakuwa na husuda na habari njema, aliitamani iwe kweli. Lakini haikuwa kweli, na baadaye alirudi kumwambia Hanania kwamba Bwana hakumtuma, na kwamba anawapa watu tumaini la uongo.

Hesabu halisi iko katika waraka: miaka sabini. Fikiria baba wa miaka arobaini anayesikiliza barua hiyo ikisomwa kando ya mto huko Babeli. Anapiga hesabu kichwani. Anajua hatarudi. Ahadi ni ya kweli, na yeye ataifia njiani. Ndipo inapokuja amri ya mstari wa 5, ambayo sijawahi kusikia ikitolewa katika mkesha wowote: "Jengeni nyumba, mkakae ndani yake, kapandeni bustani, mkale matunda yake." Na wa 7: utakieni amani mji ule mliopelekwa mateka, mkauombee, kwa maana katika amani yake ninyi mtapata amani.

Mstari wa 11 unasimama juu ya hii. Mungu anawaambia: mawazo yangu kwenu ni ya amani, kwa hiyo pandeni mboga. Msikae juu ya mizigo yenu miaka miwili mkimngojea Hanania. Anayeamini ahadi ya miaka sabini huonekana kwa jinsi anavyolima leo, anavyoozesha binti yake, anavyomwombea jirani wa Babeli ambaye hakumchagua. Mji huu unalijua jambo hilo kwa mikono yake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani, ikaifunika sehemu ya njia ya ndege, ikaliharibu kanisa kuu la Wakatoliki. Lava haijapoa vizuri, watu walikuwa wamerudi, wanapima viwanja juu ya jiwe jeusi na kuinua kuta za mbao.

Kwa hiyo fundo la kwanza ni hili: ahadi aliyosomewa mama yule ni ya Mungu, lakini tarehe haikuwa ya Mungu. Kulikuwa na ahadi ya kweli ndani ya kinywa kilichoongeza kitu. Simsemi aliyeitamka kwamba alikuwa na nia mbaya. Wengi wetu tunaosimama mbele ya watu waliochoka tunatamani kuwapa kitu cha kushika usiku huohuo. Lakini tukiongeza mwezi na mwaka pale ambapo Biblia haikuweka, tunaibebesha imani ya mtu mzigo ambao Mungu hakuutia, na siku mzigo huo unapoanguka, unaangukia kwa mama wa Kituku. Sisi tunakuwa tumeshahamia mkesha mwingine.

Fundo la pili ni gumu zaidi: kama Mungu ameahidi, tabia yangu inaingiaje? Hapa tunavutana. Upande mmoja wanasema ahadi ni zawadi, kaa upokee. Upande mwingine wanasema hujapokea kwa sababu hujatakasika, hujafunga vya kutosha, hujatoa. Mama yule alikuwa amesikia pande zote mbili katika kanisa lilelile, wakati mwingine katika Jumapili ileile.

Petro anayaweka mawili hayo pamoja katika waraka wake wa pili, sura ya 1. Mstari wa 4 unasema Mungu ametukirimia "ahadi kubwa mno, za thamani", ili kwa hizo tupate kuwa washirika wa tabia ya Uungu. Soma tena polepole: *kwa hizo*. Ahadi ndicho chombo ambacho Mungu anakitumia kutupa tabia yake. Ndipo anaendelea: kwa sababu iyo hiyo, mkijitahidi sana, katika imani yenu tieni na wema, na katika wema maarifa, kisha kiasi, saburi, utauwa, upendano wa ndugu, na upendo. Juhudi inatoka katika ahadi. Paulo anafuata mpangilio huohuo katika 2 Wakorintho 7:1: kwa kuwa tuna ahadi hizo, na tujitakase. Hakusema tujitakase ili tuzipate.

Lile neno "tieni" lina hadithi yake. Katika Kigiriki linatokana na cheo alichopewa tajiri wa Athene aliyebeba gharama za kundi la waimbaji katika sikukuu: mavazi, mwalimu, chakula cha wakati wote wa mazoezi. Ni neno la ukarimu, la mtu anayetoa bila kubana mkono. Na Petro analitumia mara mbili. Katika mstari wa 5 sisi ndio tunaambiwa tutoe. Katika mstari wa 11 ni Mungu anayetukirimia kwa ukarimu kuingia katika ufalme wa milele. Mwenye kanisa lenye kwaya anaelewa: kuna anayelipia sare, na kuna anayekuja mazoezini Alhamisi jioni akiwa amechoka. Sare haikununuliwa kwa jasho la mwimbaji, na haiimbi yenyewe.

Kuna jambo lingine pale ambalo ni rahisi kulipita. Neno "wema", la kwanza kutiwa juu ya imani, lilikwisha kutajwa katika mstari wa 3, na pale ni wema wa Mungu mwenyewe aliyetuita. Tunachoambiwa tuongeze ni kilekile kilichotuvuta. Na "kiasi" isikupotoshe kwa kudhani ni kipimo cha unga: ni kule kujizuia tunakokukosa tunaposema fulani hana kiasi, kwa pombe, kwa maneno, kwa mkono.

Sasa mstari wa 9, ambao kwangu ndio uliofungua kila kitu. Petro anasema asiyekuwa na hayo ni kipofu, hawezi kuona vitu vilivyo mbali. Uweke kando ya Waebrania 11:13, penye habari za Abrahamu na wenzake: walikufa katika imani, hawajazipokea zile ahadi, bali waliziona tokea mbali na kuzishangilia. Mmoja haoni mbali, mwingine anaona mbali mpaka anashangilia. Tofauti yao haiko katika ahadi, maana ni ileile. Iko machoni. Saburi na kiasi na upendo ndivyo vinavyompa mtu jicho la kuona kitu ambacho hakijafika. Tabia haikuwekwa kuwa bei ya ahadi. Imewekwa kuwa macho ya kuiona.

Ukisema hivyo, swali la mama yule linabadilika. Hatulazimiki tena kuchagua kati ya "Mungu amekosa" na "mimi nimekosa". Mtu anaweza kuwa hajapokea, na akawa hajakosea popote. Abrahamu aliitwa akiwa na miaka 75, na Isaka alizaliwa yeye ana miaka 100. Katikati ya hapo alihesabiwa haki kwa kuamini, Mwanzo 15, kabla hajatahiriwa na kabla hajafanya lolote la kumstahilisha. Katikati ya hapohapo pia alichoka kungoja, akaingia kwa Hajiri, Ishmaeli akazaliwa yeye akiwa na miaka 86. Mungu hakuifuta ahadi kwa kosa hilo. Lakini kosa lilikuwa na gharama, na aliyeilipa ni Hajiri, mjakazi aliyetupwa nyikani na mtoto wake na kiriba cha maji. Nalisema hili kwa uzito: haraka yetu ya kutimiza ahadi za Mungu kwa mikono yetu huwa inamwumiza mtu wa chini yetu. Mama anayeuza kiwanja cha mtoto ili atoe sadaka ya kufungua milango, mume anayeacha mke kwa kuwa "ameonyeshwa" mwingine: mwangalie anayebaki na kiriba.

Yusufu ndiye mfano mwingine, na Zaburi 105:19 ina neno juu yake ambalo sikuwahi kulisikia likihubiriwa: "Ahadi ya Bwana ilimjaribu." Tungetarajia zaburi iseme kwamba ndugu zake walimjaribu, au mke wa Potifa, au gereza. Yote hayo ni kweli. Lakini mtunzi anasema ahadi ndiyo iliyomjaribu. Yusufu alikuwa na miaka 17 tulipoanza kusimuliwa habari zake, na 30 aliposimama mbele ya Farao. Kwa miaka 13 alibeba ndoto ambayo kila asubuhi ilikanushwa na kuta alizoziona. Mtu asiye na ahadi huzoea gereza. Mwenye ahadi hawezi kuzoea, na hapo ndipo anapoweza kuharibika: kwa uchungu, kwa kisasi, kwa kujihurumia. Yusufu alifanya nini? Aliwaona wafungwa wawili nyuso zao zimekunjamana, akawauliza, mbona leo mna huzuni? Yule ambaye ndoto zake mwenyewe zimekwama anasikiliza ndoto za wengine. Hiyo ni tabia, na gereza halikuweza kumpa. Gereza ni gereza tu, na limewaharibu watu wengi.

Nasimama kidogo hapa kwa sababu kuna jeraha tunaloliongeza sisi walimu. Tunamwambia aliyefiwa, aliyebakwa, aliyechomewa nyumba: Mungu amekuletea hili ili ukue. Biblia haisemi hivyo. Warumi 5 inasema dhiki huleta saburi, na saburi uthabiti wa moyo, na uthabiti tumaini. Inaeleza kile ambacho Mungu anaweza kukitoa ndani ya dhiki. Haisemi dhiki ni njema, wala haimpi mtu ruhusa ya kuipeleka kwa mwenzake. Neno "uthabiti" pale lina sura ya madini yaliyopimwa yakaonekana ni halisi, na aliyepita motoni anajua moto ni moto. Saburi nayo haina maana ya kunyamaza. Zaburi ya 13 inauliza "hata lini" mara nne katika mistari miwili ya kwanza, na hiyo ni sala iliyomo kitabuni, inaimbwa. Mama anayemuuliza Mungu "kosa ni ya nani" bado anaongea na Mungu. Mimi ningeogopa zaidi kama angenyamaza.

Lugha yetu inatusaidia katika jambo moja. *Kuamini*, *imani*, *uaminifu*, *amana*, *amina*: yote yametoka shina moja la zamani, lililokuja kwetu kupitia Kiarabu, na ambalo Waebrania walikuwa nalo pia. Kwa shina hilo, kumtegemea mtu na kuwa mtu wa kutegemewa ni pande mbili za kitambaa kimoja. Katika Wagalatia 5:22, "uaminifu" ulio ndani ya tunda la Roho ni neno lilelile ambalo kwingine limetafsiriwa "imani". Na Habakuki 2:4, "mwenye haki ataishi kwa imani yake", hubeba maana zote mbili. Katika 2 Wakorintho 1:20 Paulo anasema ahadi zote za Mungu katika Kristo ni Ndiyo, na katika yeye pia ni Amin. Kila tukijibu "Amina" kanisani tunatamka shina hilohilo. Tunasema: hili lina pa kusimama, nami nitasimama hapo.

Mfano ninaoukumbuka wa maana hiyo ni wa mwanamke wa kikundi chetu cha likelemba, cha kuchangiana fedha na kugawiana kwa zamu. Vita vilipokaribia mwishoni mwa Januari alikuwa yeye ndiye mshika fedha, zamu ya kugawa haijafika. Alikimbia na watoto, na daftari na bahasha ya fedha amezifunga tumboni chini ya kitenge. Aliporudi, watu walikuwa hawana cha kula na benki zimefungwa. Aliita wanachama mmoja mmoja, akafungua daftari, akahesabu mbele yao mpaka faranga ya mwisho. Nilimuuliza kama hakuwahi kujaribiwa. Akasema alijaribiwa kila usiku, mtoto mdogo alikuwa na homa. Nikamuuliza, basi ni nini kilichokuzuia? Akajibu: "Mungu ananitunzia mambo mengi. Hii ya watu nayo ningeshindwa kuitunza?" Hakuwa akilipia ahadi yoyote. Alikuwa ameshatulia juu ya amana yake iliyoko kwa Mungu, ndipo mkono wake ukaweza kuiacha amana ya wenzake bila kuigusa.

Danieli alikutana na ule waraka wa Yeremia pia, akiwa mzee, ugenini. Sura ya 9 inasema alisoma vitabu akafahamu hesabu ya miaka sabini. Mtu anaweza kudhani angefunga mizigo na kungoja. Yeye alivaa nguo za magunia, akafunga, akaungama dhambi, akisema *tumefanya dhambi*, sisi, ingawa katika kitabu chake chote hatusomewi kosa lake. Kujua kwamba ahadi iko karibu kulimfanya aombe zaidi, na ajihesabu pamoja na wakosaji.

Mwezi Machi nilimtafuta mama wa Kituku, nikamwomba radhi kwa jibu langu la Desemba. Tulikaa juu ya magunia yake, tukasoma sura ya 28 na ya 29 zote, yeye akifuata kwa kidole. Tulipofika kwa Hanania akacheka kidogo, kisha akanyamaza muda mrefu. Nilimwambia kwamba sioni kosa lake mahali popote. Alikuwa ameshika neno la kweli, na juu yake mtu alikuwa amebandika tarehe. Akaniuliza kama basi nyumba haitakuja. Nikamwambia sijui, na kwamba Yeremia hakuwaahidi wale wa kwanza nyumba za Yerusalemu, aliwaambia wajenge walipo.

Akaugeuza ukurasa, akachukua kalamu, akaufuta ule mwaka pembeni mwa mstari wa 11 kwa kuuchora mistari juu yake. Mstari wenyewe aliuacha na wino wake mwekundu. Kisha akanieleza habari za nyuma ya chumba anachopanga, pale jiwe la lava liko wazi hata magugu hayaoti. Yeye na jirani yake, mama wa kutoka Masisi ambaye mwanzoni hawakuwa wakisalimiana, wameanza kubeba udongo kwa ndoo wakiumwaga katika nyufa za jiwe. Wamepanda lengalenga, yaani mchicha. Alitaka kujua kama mvua za Aprili zitausomba udongo ule, nikamwambia wazungushie mawe upande wa chini.